Ini la Mbuzi wa Shukrani

Hapo zamani, na mniwie radhi mapema, maana hadithi hii naiharibu kila nikiisimulia: nacheka kabla yenu, kisha nasahau nilipofika. Basi hapo zamani, kule Usangi, alikuwako mwenye bucha aitwaye Sifuel. Sifuel alijua maini! La mbuzi alilitupia jicho moja akakuambia mnyama alikuwa mzima au mgonjwa. La kwake mwenyewe hakuwahi kuliwazia.

Sasa amenusurika kifo, amechinja beberu wa shukrani. Kwa ukoo wao, ini la mbuzi huyo huchomwa zima, likapewa mtu mmoja tu: aliyekurudishia uhai. Sifuel analigeuza juu ya makaa. Ampe nani?

Shemeji yake, Senkondo, akaja akichechemea. "Shemeji, lete! Nani alianguka kwenye mfenesi akavunjika mguu?"

"Ulikuwa unaiba mafenesi yangu!"

"Kwa faida yako! Ulikuja kunichangia damu, wakaipima, wakaikataa: ina kirusi cha homa ya ini B, kimekaa humo miaka. Bila mimi, leo tungekula makande ya matanga. Ini langu!"

Daktari Nakijwa akacheka. "Pole na mguu, kaka. Lakini kumjua mwizi si kumkamata. Sifuel alijiona mzima, anabeba ng'ombe begani. Mimi nilipima vinasaba vya kinga katika damu yake, vile vinavyowaamuru askari wa mwili. Vilivyopaswa kupiga kelele vilikuwa kimya! Askari wapo, wamechoka, wamelala chumba kimoja na mwizi, yaani kirusi. Nikapima ini, kovu limeanza. Nikamwanzishia dawa. Bila mimi, makande ya matanga. Ini langu!"

Namkunda, mke wa Sifuel, akaweka mwiko chini, akamgeukia mumewe.

"Baba Nietiwe, waambie vidonge ulivipeleka wapi."

Sifuel akatazama makaa.

"Alimtilia mbwa kwenye mchuzi! Eti yeye kapona. Macho yakawa manjano kama binzari, nikamkokota hospitali anakoroma. Tangu hapo, asipomeza kidonge, hakuna ugali. Nasimama na mwiko mpaka ameze, ainue na ulimi nione. Bila mimi, makande ya matanga, na mpishi ningekuwa mimi! Ini langu!"

Sifuel akawatazama mmoja mmoja, machozi yakamtoka. Akafungua mdomo awashukuru.

"Baba Nietiwe, moshi!"

Akaliopoa ini mbio. Upande mmoja mkaa mtupu.

"Ndugu zangu," akasema, "nimekabidhiwa maini mawili. Lile mlilolilinda ninyi lingali linafanya kazi. Hili nimelilinda mwenyewe, mtaalamu, na mnaliona."

Haya, wasikilizaji, jibuni kabla halijapoa. Upande ulioungua msiugombanie, Sifuel ameshaanza kuutafuna. Lakini huu uliopona: mwizi wa mafenesi, daktari aliyesikia ukimya wa vinasaba, au mama mwenye mwiko? Je, nani alistahili?