Mto Uliobanwa Mbavu

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sirudii.

Zamani, tamaa ilipokuwa bado haijajua njia ya shambani, hapa Mrindi hapakuwa na korongo. Palikuwa na bonde pana, tambarare kama ungo, na mto umelala katikati kama ng'ombe aliyeshiba. Maji yalipita bila sauti. Ukungu ulishuka alfajiri ukakaa mpaka jua lenyewe lichoke kuusukuma, na watu walivuka ng'ambo wakiwa na usingizi machoni, maji yakiwafika vifundoni tu.

Upande huu aliishi Nakijwa. Ng'ambo aliishi Mbonea, ambaye mwanawe alimwoa binti wa Nakijwa. Wakwe hawa walipendana kama paka wawili ndani ya kikapu kimoja.

Udongo wa kando ya mto ulikuwa mweusi, wenye rutuba ya kutia wivu. Basi kila msimu Nakijwa aling'oa masale, ile mimea ya mpaka, akayasogeza majini kidogo, akapanda magimbi. Mbonea akaona, naye akasogeza ya kwake.

"Mkwe, naona shamba lako limeota miguu," alisema Mbonea.

"La kwako limeota mbawa, mkwe wangu. Juzi lilikuwa kule, leo linanipumulia usoni."

Majirani nao wakafuata, kwa kuwa ujinga hauhitaji mwalimu. Bonde zima likaingia majini, huku na huku, mpaka mto ukawa mwembamba kama mshipi.

Mto haukugombana na mtu. Ulikosa pa kujinyoosha, ukashuka. Watu walikuwa wakipalilia walipouona unazama taratibu, kama mtu anayechukuliwa na usingizi, ukiuvuta ukungu nyuma yake kama shuka. Miamba ikachomoza. Magimbi yakadondoka moja moja. Ilipofika jioni maji yalikuwa mbali huko chini, yananguruma, na kati ya nyumba za huku na za kule pakawa na shimo ambalo hata mbuzi alilitazama akarudi nyuma.

Asubuhi yake binti wa Nakijwa akajifungua, huko ng'ambo kwa mumewe. Enzi hizo jina la mzaliwa wa kwanza lilitolewa na mama mzaa mama, mdomo kwa sikio, kabla jua halijazama. Mtoto asiye na jina alikuwa mgeni, na mgeni huaga.

Nakijwa alitembea ukingoni akitafuta pa kuvukia, na korongo likatembea naye. Jua likainama. Ndipo akamwona Mbonea ng'ambo, vidole vya miguu vimeng'ang'ania mwamba, mtoto kifuani.

"Sema jina, mkwe!" alipaza sauti Mbonea. "Mdomo wako uko mbali, tumia wangu!"

Nakijwa akasita. Kwa mngurumo ule, Mbonea angeweza kumnong'oneza mtoto jina lolote alitakalo, nani angejua? Na jina alilokuwa nalo moyoni lilikuwa la mama yake, Nankondo, aliyewahi kumfukuza Mbonea jikoni kwa mwiko. Lakini jua halikuwa likimngoja. Akavuta pumzi mpaka tumboni.

"Nankondo!"

Mbonea alikunja uso kama aliyelishwa shubiri. Kisha akainama, midomo yake ikagusa sikio la mtoto. Alipoinuka akawageukia watu wake, akatangaza kwa sauti iliyovuka korongo:

"Nankondo! Mungu atusaidie."

Mtoto akapiga chafya, akalia, akabaki.

Msidhani walipatana. Walitukanana hadi walipozikwa, ila kwa nguvu zaidi, maana sasa palikuwa na umbali.

Na tangu siku hiyo mto wetu unapita huko chini kivulini, haupandi hata ukiuita kwa ngoma. Mtoto wa Mrindi hapewi jina na nyumba iliyomzaa: mkwe mmoja hulipaza kutoka ng'ambo, mkwe wa pili humnong'oneza, apende asipende. Wapita njia husema watu hawa wanagombana tu kutwa.

Huenda tunagombana. Huenda kuna mtoto amezaliwa.