Gemu ya Misukule na Banda la Mzee Ndimbo

Hapo zamani, zamani za juzi tu, palikuwa na mji wa reli, na katika mji huo palikuwa na banda la gemu. Mwenye banda aliitwa Mzee Ndimbo. Hakujua kucheza gemu hata moja. Alijua kukaa mlangoni na kusema, "Asiyecheza asizibe feni."

Banda lilikuwa na sheria moja: ukifa, unaachia pedi ya kuchezea. Hakuna kujitetea, hakuna kusema kitufe kimegoma. Umekufa, umeachia, na mwingine anaendelea palepale. Sheria hiyo ndiyo iliyokuwa ikitumika siku ilipofika gemu ya misukule.

Tuiseme gemu hiyo kwa haki kabla ya kuisema kwa hasira. Ilikuwa na hadithi. Mwanamke dereva wa gari la wagonjwa anamtafuta mdogo wake katika mji ambao wafu wameamka. Walioitengeneza hawakuanza na damu. Walianza na dada na mdogo wake jikoni, wakigombana nani aoshe vyombo, mpaka umeme ukakatika. Vijana waliokuja bandani kupiga risasi waliutazama ugomvi huo hadi mwisho. Na misukule nao walikuwa watu fulani kabla ya kufa. Mmoja alikuwa fundi cherehani, futi ya kupimia bado iko shingoni. Mwingine alikuwa mpeleka barua, na kila alipoufikia mlango alisimama akapapasa mkoba.

Sifa zinaishia hapo. Panga lilivunjika baada ya vichwa vitatu, kama limekandwa kwa unga. Mlango wa mbao haukukubali shoka. Shoka lilifaa kwa mafuvu tu. Msukule aliyenusa damu kutoka mtaa wa pili alishindwa kupanda vidaraja viwili vya ngazi. Kusevu, yaani kuhifadhi pale ulipofika, kuliwezekana penye kitanda tu, kana kwamba mtu anayefukuzwa na wafu hana shughuli nyingine ila kutafuta pa kulala. Ukifa, unarudishwa kusikiliza mazungumzo yaleyale tangu mwanzo, na hakuna namna ya kuyaruka.

Na juu ya yote hayo palikuwa na yule mzee.

Mzee huyo alikuwa mwenzi wa safari wa dereva. Alibeba begi, alikohoa, na alisimama mlangoni. Kila mlango. Unakimbia, misukule wako kisogoni, na yeye amesimama katikati ya mlango kama mgambo wa soko, anatazama ukuta. Watu walikufa hapo, wakaachia pedi, wakatukana.

Sasa Mzee Ndimbo alichoka na banda. Magoti yalimuuma, na bintiye alikuwa anamwita akaishi naye Mpanda. Mtu mwenye akili angemwachia kazi yake anayejua kufungua mapema na kufagia. Mzee Ndimbo alisimama mbele ya televisheni akatangaza: "Atakayeifikisha gemu hii mwisho, ndiye nitakayemwachia banda aliendeshe."

Aliyesikia tangazo hilo kuliko wote alikuwa Mashavu. Mashavu alimaliza shule, akakaa kwa kaka yake, akakaa tena. Mjomba wake wa Nzega alikuwa na mashine ya kusaga, na alikwisha kusema neno lake: "Nakuacha mpaka Idi. Idi ikikukuta huna kazi, tunaondoka wote, ukasimamie mashine." Mashavu aliwahi kuisimamia mashine hiyo likizo moja. Pumba ziliingia mpaka ndani ya kope, na usiku sikio liliendelea kunguruma. Hakutaka kwenda. Alilitaka banda.

Wengi walijaribu, wengi wakakata tamaa. Wakabaki watatu.

Wa kwanza aliitwa Lukindo. Lukindo alikuwa na vidole. Aliua misukule kama anayefukuza nzi, na kila alipoua aligeuka kuona nani ameona. Risasi hakuzihesabu. Zilipokwisha alikufa, na alipokufa aliachia pedi huku akisema gemu hii ya kishamba.

Wa pili alikuwa Mashavu mwenyewe. Mashavu alikuwa na subira. Alipita hospitali nzima bila kufyatua risasi hata moja, akiinama nyuma ya meza na kusikiliza nyayo. Aliokota kila risasi, alikilalia kila kitanda. Watazamaji walipiga miayo.

"Dada, unatembea kama unapeleka posa!" Lukindo alimwambia.

"Na wewe unakufa kama unalipwa," Mashavu akajibu, macho kwenye kioo.

Wa tatu alikuwa Sadoki, naye hakushika pedi hata siku moja. Gemu ilizungumza Kiingereza, tena cha haraka, na hakuna aliyekimudu. Sadoki alikulia katika mabanda ya video, kule ambako mtu husimama kando ya filamu akaitia Kiswahili. Akasimama kando ya televisheni, rimoti mkononi kama kipaza sauti, akaanza kutafsiri. Dereva akamwita Rukia. Mdogo wake akamwita Deo. Mzee wa begi akamwita Mzee Kibegi. Watu wakaanza kuja na majirani zao. Wapo waliokuja kumsikiliza Sadoki tu, na Mzee Ndimbo akaongeza mabenchi.

Lakini Sadoki naye Kiingereza hakukijua. Alijua majina ya siku na namna ya kuomba radhi. Yaliyobaki aliyatunga. Na kwa kuwa watu walimchukia Mzee Kibegi kwa kuziba milango, Sadoki aliwapa sababu ya kumchukia zaidi.

"Anasemaje huyo?" watu waliuliza.

"Anacheka moyoni," Sadoki alisema. "Ndiye aliyefungua geti, misukule wakaingia mjini. Rukia hajui!"

"Mshenzi! Ndiyo maana anatuzibia!"

Mashavu alisikia. Mashavu pia aliona. Aliona mdomo wa Mzee Kibegi ukisema maneno mengi, na Sadoki akitoa mawili. Siku moja mzee alipiga magoti kando ya askari aliyeumwa na msukule, akafungua begi, akamchoma sindano. Askari akainuka mzima.

"Sadoki," Mashavu aliuliza, "amemchoma nini?"

"Sumu."

"Mbona askari anatembea?"

"Sumu ya polepole, dada. Wewe cheza."

Banda zima likacheka. Mashavu akacheza.

Ikafika mkesha wa Idi. Baada ya sala ya alasiri banda lilijaa hadi dirishani. Mjomba wa Nzega alikuja akasimama mlangoni.

"Shikamoo mjomba," Mashavu alisema.

"Marahaba. Hiyo ndiyo kazi?"

"Bado kidogo, mjomba."

"Hayo mambo ya mashetani yana bado kidogo?" Mjomba akaegemea mwimo, akasubiri.

Ndani ya gemu, mbele ya stesheni ya treni, palikuwa na jitu: misukule walioshikana wakawa mwili mmoja, mikono mingi, suti na kanga na sare za shule. Pedi ilikuwa kwa Mashavu. Akalizunguka, akalivizia, akafa. Akaachia. Akashika Lukindo. Lukindo akatumia kila risasi ambayo Mashavu alikuwa ameiokota. Hakubakiza hata moja, na safari hii hakukosea. Jitu likaanguka. Watu wakapanda juu ya mabenchi. Lukindo akageuka kuona nani ameona.

Mlangoni mwa stesheni, Mzee Kibegi alikuwa amesimama, anatazama ukuta. Nyuma akaja msukule mmoja, mpeleka barua, mwenye mguu mmoja. Lukindo alisukuma, akasukuma, hakupishwa. Mpeleka barua akamuuma. Akafa.

"Simwachii mtu!" Lukindo alipiga kelele. "Jitu nimeliua mimi!"

"Sheria," alisema Mzee Ndimbo.

Gemu, kwa mara moja katika maisha yake, ilikuwa imejihifadhi yenyewe. Jitu lilibaki limekufa. Mashavu akashika pedi, akampitisha Rukia dirisha la stesheni, akafika relini. Deo alikuwa hapo, amepatikana hatimaye, na Mzee Kibegi akawafikia. Palikuwa na kitoroli cha reli, na humo Rukia alikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu pembeni yake. Kioo kikaonyesha sura mbili: Deo upande huu, Mzee Kibegi upande ule. Chagua.

"Mwache mshenzi!" banda likavuma. "Mwache!"

"Rukia anasema nini?" mtu akauliza.

Sadoki akanyanyua rimoti. "Anasema: leo msaliti atalala na wafu wake!"

Kidole cha Mashavu kilisita. Alimkumbuka askari. Aliona mkono wa Deo uliofichwa mgongoni, na akajiuliza kwa nini umefichwa. Kisha akamsikia mjomba akikohoa mlangoni. Akichagua kinyume, watu watasema ameharibu gemu, na Mzee Ndimbo huwasikiliza watu. Akabonyeza sura ya Deo.

Kitoroli kikaondoka. Mzee hakukimbia wala hakulaani. Aliliweka begi lake la sindano juu ya reli, akalisukuma kwa mguu kuelekea kwao. Halikufika. Gizani Deo akautoa mkono mgongoni, na juu yake palikuwa na alama za meno. Watu hawakuhitaji mkalimani. Deo akamgeukia dada yake.

Kioo kikawa cheusi. Yakaanza kupanda majina ya walioitengeneza gemu, mengi, mengi mno. Ungedhani angalau mmoja wao angemfundisha mzee kupisha mlangoni.

Banda likalipuka.

"Sadoki! Ulisema sumu!"

"Mlitaka msaliti, nikawapa msaliti," Sadoki alisema. "Mngependa nisimame hapa niwaambie sijui? Mzee Ndimbo, nani alikujazia mabenchi? Lukindo alikuwa anaua mbele ya watu wanaopiga miayo. Banda haliendeshwi kwa vidole, linaendeshwa kwa watu. Watu niliwaleta mimi. Banda ni langu."

"Wewe mwongo umemaliza nini?" Lukindo akasema. "Hukushika pedi. Mzee Ndimbo, jitu ndilo lililokuwa gemu. Baada ya jitu ni kutembea na kubonyeza, hata mbuzi angebonyeza. Nimeuawa na mlango, sikuuawa na msukule. Banda ni langu."

Mzee Ndimbo akamgeukia Mashavu. "Na wewe, mwanangu?"

"Risasi alizopiga nilikusanya mimi," Mashavu alisema. "Pasipo kitanda changu, kila siku mngekuwa mnaanzia jikoni kwenye vyombo. Ulisema atakayeifikisha mwisho. Pedi iko mkononi mwa nani?"

"Lakini ulijua," Sadoki akamwambia polepole. "Mimi nilitunga kwa kutojua. Wewe uliuliza habari ya sindano. Ulijua, ukamwacha mzee wa watu kwa ajili ya kazi."

Mashavu aliweka pedi mapajani, akaishika kwa mikono miwili.

"Mimi nilisema mwisho," Mzee Ndimbo akanong'ona, kama anayejisomea hukumu. "Sikusema mwisho wa namna gani." Akawatazama watatu wale, mmoja mmoja, akakaa chini, magoti yakalia.

"Mashavu," mjomba akaita kutoka mlangoni, "una kazi, au huna?"

Mzee Ndimbo aliwageukia watu wa mabenchi, na hadi leo wanaoisimulia habari hii wanagombana. Haya, mabenchi ni yenu nyinyi mnaosikiliza, na mjomba amesimama anasubiri. Mmoja aliua, akafa mlangoni. Mmoja alidanganya, akajaza banda. Mmoja alifika mwisho, akijua anamwacha nani nyuma. Je, kati ya hao, nani alistahili banda?