Fisi Mfugaji wa Lama

Wazee wetu hawakuhitaji kutunga uongo, maana Fisi alikuwa akiwatungia. Sikilizeni huu mmoja.

Mwaka ule mvua ziligoma misimu miwili, na udongo wa shamba la Mzee Ngiri ukachoka kabisa. Mtama ulitoka mfupi, kunde zikawa njano. Majirani walihama. Mzee Ngiri, mkewe na watoto wao sita, waliolima wenyewe kwa meno yao, walikataa kuhama. Wakamleta Lama jike kutoka milima ya mbali, mnyama wa shingo ndefu na manyoya mazito. Walimtaka kwa samadi yake. Walipoitia shambani, kunde zilijaa maganda hata kwa umande tu. Bila Lama, familia ile ingerudi porini kuchimba mizizi.

Fisi alipomwona Lama hakuona samadi. Aliona mapaja. Akaenda kwa Mfalme Simba akilia kwa kwikwi.

"Ewe Mfalme, jua lenyewe linaona haya mbele ya manyoya yako! Ngiri kaniibia Lama wangu. Nimemlea kwa mikono yangu tangu hajaota meno."

Simba alipenda haki, ila sifa alizipenda zaidi. Akaitisha baraza.

Mzee Ngiri hakujua kusifu. "Mfalme, huyu ni wetu," alisema, basi. Lama naye alikuwa mgeni, hajui hata neno moja la lugha ya nyika, na hakuna aliyejisumbua kumuuliza.

"Mleteni mwanangu nimkumbatie!" Fisi akasema.

Lama alilaza masikio, akamtemea mate ya kijani usoni. Baraza zima likaangua kicheko.

"Mmeona wenyewe?" Fisi alisema akijifuta. "Hivyo ndivyo tunavyoamkiana nyumbani."

Simba akanuna. "Fisi aamkiwe, mimi mfalme niachwe?" Akainuka kumsogelea Lama ili naye apewe heshima yake.

"Subiri kidogo, Mfalme," akadakia Sungura. Huyu hakumpenda Ngiri. Alipenda kunde za Ngiri, alizozila kila alfajiri bila kualikwa, na njia yake ilipita kando ya zizi la Lama. "Bwana Fisi, hongera kwa ulezi. Kufagia zizi la Lama si kazi ndogo, au siyo?"

Fisi akashika kiuno. "Usinikumbushe, ndugu yangu! Nikifagia kona hii, anachafua ile. Mavi mlangoni, mavi kwenye maji, mavi hadi malishoni. Mgongo wangu umekwisha kwa ufagio!"

Watoto wa Ngiri ndio waliocheka kwanza. Mama Ngiri, aliyekuwa akilia tangu asubuhi, alifuta macho, akasema:

"Mfalme wangu, Lama haendi haja ovyo. Huchagua mahali pamoja, na ni hapohapo kila siku. Sisi hatujui kufagia zizi. Tunachota tu na kupeleka shambani. Tuma mtu akatazame."

Simba alimtuma Tai. Tai hakukawia.

"Lundo ni moja tu, Mfalme, pembeni kabisa. Kusema kweli, zizi lile ni safi kuliko baraza hili."

Simba alikumbuka jinsi alivyokaribia kupeleka uso wake mwenyewe kutemewa mate, akaona aibu, na aibu ya mfalme ni kali. "Fisi, kwa kuwa umezoea ufagio, utafagia baraza langu mpaka mvua inyeshe. Lama ni wa Ngiri. Ukimgusa, nitaanza na mapaja yako."

Mama Ngiri alimkumbatia Lama shingoni, akalia tena, safari hii kwa furaha. Mzee Ngiri akamgeukia Sungura.

"Ahsante sana, jirani. Lakini habari za zizi langu umezijulia wapi?"

Sungura akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani, akatoka mbio.

Fisi hakuwa na pa kukimbilia. Alishika ufagio mbele ya watu wote, mate ya kijani yakiwa bado masikioni, akaanza kufagia. Njia ya mwongo ni fupi.