Msaragambo wa Kulivuta Jua

Zamani za kale, kabla usingizi haujawa na kazi ndani yake, watu wa milima ya Upare walilala kama mawe na kuamka wepesi kama unyoya wa njiwa. Miayo ilikuwa ya jioni tu. Aliyepiga miayo asubuhi aliulizwa kama anaumwa.

Siku hizo jua lilijichomozea lenyewe. Lilizama magharibi, likapita chini ya milima, likatokea mashariki. Lakini lilikuwa likizeeka na kuwa zito, na asubuhi moja halikutoka.

Watu wakawasha moto uwanjani na kukubaliana asilale mtu mpaka jua lirudi. Nani hulala ndugu yake akiwa mahututi? Aliyepita akiwatikisa wanaosinzia alikuwa Mzee Sefue, mpiga pembe. Ndiye aliyewaita watu kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuchimba mifereji, na aliyeukosa alitozwa mbuzi.

Katika giza hilo Nakiete alijifungua mtoto wa kike. Kwa desturi yao, mtoto hakupewa jina mpaka aonyeshwe jua. Huyu hakuwa na jua wala jina, na kila Nakiete alipovigusa vidole vyake, alivikuta vya baridi zaidi. Alimfunika ngozi, akamsogeza motoni, akamkumbatia kifuani. Baridi haikutoka. Akiwa amemkumbatia hivyo hivyo, usingizi ukamchukua.

Alijikuta chini ya milima, kwenye tope jeusi. Jua lilikuwa limenasa humo hadi shingoni, jekundu, likihema.

"Nimewaita mpaka sauti imekauka," likasema. "Huku hafiki mtu aliye macho."

Nakiete hakuuliza zaidi. Akashika mwale mmoja, mnene kama kamba ya kufungia fahali, akavuta kwa nguvu za mzazi. Jua likasogea upana wa kidole. Ndipo mkono wa Mzee Sefue ukamtikisa begani.

"Mama, dunia inakufa nawe unakoroma?"

"Babu, nimeliona. Limenasa. Tukilala wote tutalitoa."

Uwanja mzima ukacheka, kicheko cha watu waliochoka. "Huyo usingizi umemlevya!" akasema mmoja. "Basi mimi nikilala njaa nitavuna!" akadakia mwingine.

Nakiete akakunjua viganja. Vilikuwa vimebabuka kwa moto, na tope jeusi lilikuwa bado kwenye kucha. Kicheko kikakoma.

"Babu," akasema taratibu, "ukipiga pembe, asiyekuja anatozwa mbuzi. Safari hii jua ndilo lililopiga pembe. Waliokosa ni sisi."

Mzee Sefue alimtazama mtoto, akavishika vile vidole vidogo, akavipulizia pumzi. Akapanda juu ya jiwe, akapiga pembe mpaka mishipa ikamtoka shingoni.

"Msaragambo! Majembe acheni nyumbani! Kila mtu na mkeka wake!"

Wakatandika uwanja mzima, wakubwa kwa wadogo, wakalala. Kule chini wakakutana topeni, wakajipanga kwenye ule mwale, Nakiete mbele kabisa. Wimbo wa kuchimba mifereji ukageuka wimbo wa kuvuta. Wakateleza, wakaanguka, wakatukanana kwa upendo. "Vuta, wewe, usining'inie kama popo!" Jua likatoka kifua, likatoka kiuno, kisha likafyatuka kama jiwe la teo.

Walipofungua macho, mlima wote ulikuwa unang'aa. Hakuna aliyeweza kunyanyuka bila kushika kiuno, na hakuna aliyejali. Walicheka na kulia wakikandana mabega. Nakiete akamwinua mtoto juu. Mwanga ukamwangukia usoni, naye akapiga chafya, kisha akalia kwa sauti iliyojaza bonde. Vidole vyake vilikuwa vya moto.

"Mwiteni Kamba," Mzee Sefue akasema, akijikanda mgongo. "Ametuvuta sote."

Na tangu siku hiyo jua haliwezi kutoka peke yake. Kila usiku watu hushuka kulivuta. Anayeamka mwepesi alishika mkiani. Zamu yake ya mbele inakuja. Anayeamka hoi, ingawa kalala tangu jioni, ndiye aliyekuwa mbele topeni. Ndiyo maana kule milimani hakuna anayemwita mtu huyo mvivu. Humpa uji, humwambia, "Pole na kazi."

Naye hupiga miayo, hutazama mwanga ukitambaa mlimani, hujibu, "Asante. Tumelitoa."