Beti ya Pili ya Fisi

Mwaka ambao mito ilibaki mchanga mtupu, kisima chenye maji kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa cha Simba. Simba akatangaza kwamba anatafuta mlinzi wa kisima, na atamchagua kwa shairi la kumsifu yeye: kila mshororo mizani nane, yote iishie kwa kina kimoja, na neno la kina likishatumiwa na mmoja, mwingine haruhusiwi kulirudia. Kwa nini mlinzi wa maji apatikane kwa shairi, hakuna aliyeuliza. Simba alipenda kusifiwa, na maji yalikuwa yake.

Fisi alikwisha kusema kwamba akipata kazi hiyo, kila anayetaka kunywa ataleta nyama. Swala na digidigi waliliwaza sana jambo hilo, maana nyama pekee waliyokuwa nayo ni ile waliyoivaa.

Tegemeo lao lilikuwa Sungura. Sungura akitaka kutunga huanza kwa kuokota. Hukwaruza kwenye gome la mti kila neno linaloishia kwa kina anachokitaka, la maana na la ovyo, kisha hukaa akayafuta karibu yote. Alikuwa amemaliza kuokota maneno ya kina cha ma, bado hajafuta hata moja, Fisi alipopiga hodi.

Fisi alieleza kwa kirefu kwamba ushairi ni kipaji, na kipaji anacho, ila maneno tu ndiyo hayaji. Kisha akaliona gome.

"Naazima hili, mpwa wangu."

"Chukua manne ya juu, mjomba. Hayo mengine nilikuwa nayatupa."

Fisi akacheka. Alijua Sungura ni mjanja, na hakuwahi kukutana na mtu anayetupa kitu. "Yaani mimi unipe makombo, minofu ubaki nayo wewe?"

"Nimeshakwambia, mjomba."

Akaondoka na gome zima.

Siku ya mashindano wanyama walikusanyika kisimani. Kobe aliwekwa kuhesabu mizani. Fisi akasimama, gome mkononi, akakohoa kama msomi:

"Simba mfalme mwema,
Mwenye nguvu na huruma,
Ukinguruma twahema,
Porini kote salama."

Kobe akatikisa kichwa kukubali. Simba akafumba macho kwa raha. Kama Fisi angeketi hapo, kazi ilikuwa yake, na Swala alikuwa ameshaanza kuwaangalia wanawe kwa huzuni. Lakini gome lilikuwa na maneno manne zaidi, na Fisi hajawahi kuacha kitu sahanini. Akaendelea:

"Siku hizi una homa,
Guu moja ni kilema,
Nyuma yako twakusema,
Na mamako alihama."

Ni kweli kwamba mama yake Simba alihama. Halikuwa jambo la kuzungumzwa hadharani.

Simba akafumbua macho. "Mama yangu ameingiaje hapo?"

"Kina, Mtukufu."

"Na mguu wangu?"

"Nao kina."

"Na ninyi mnaonisema nyuma yangu ni akina nani?"

Fisi akalitazama gome. Maneno yalikuwa yamekwisha.

Simba akaamuru kwamba mpaka mvua inyeshe, Fisi atakunywa wa mwisho, baada ya nyani, baada hata ya ngiri kutoka kuoga. Sungura akasimama, akatoa beti moja kwa kina cha ra, ambacho hakuna aliyekuja kukiazima, akaketi. Alikabidhiwa kisima. Swala na wanawe wakanywa mpaka wakatosheka, na hawakuombwa chochote.

Fisi hulalamika mpaka leo kwamba alionewa, kwa kuwa hakuna mshororo wake uliopungua mizani. Kobe, aliyehesabu, anakiri kuwa ni kweli. Lakini jambo ulilolisema kwa ajili ya kina tu, bado umelisema.