Ndama Yupi?

Wapendwa, walikuwako mume na mke waliofuga ng'ombe mmoja wa maziwa katika banda nyuma ya nyumba yao. Ng'ombe huyo alikuwa na ndama mkubwa, pembe zimeanza kuchomoza, naye bado ananyonya. Na tumboni alikuwa na mimba nyingine, amekaribia kuzaa, hivyo ilibidi yule mkubwa aachishwe.

Jirani akamwambia yule mama, "Mpake ng'ombe mavi kwenye chuchu. Ndama akionja mara moja, harudi tena."

"Hapana," akasema mama. "Huyu nitamwachisha kwa upole."

Akajenga uzio wa miti ya mirunda katikati ya banda, akaacha nafasi kati ya mrunda na mrunda. Pua ilipita. Kichwa hakikupita. Ndama aliweza kumnusa mama yake, na mama yake aliweza kumlamba uso, lakini kiwele hakukifikia. Jirani akacheka. "Ng'ombe wako sasa ana chumba na sebule!"

Ndama akalia. Ndugu zangu, mmewahi kumsikia ndama anayeachishwa? Hulia kama mtu. Mume akashindwa kula.

"Mama watoto, yule atakufa."

"Hafi. Ana majani, ana maji, anamwona mama yake. Anaomboleza tu. Mwache aomboleze hapo hapo kwenye uzio, atanyamaza."

Lakini kila mama alipokwenda kukata majani, mume alichomoa mrunda mmoja. Ndama akapita, akanyonya, akanyamaza. Mume akamrudisha upande wake, akaurudisha mrunda, akala chakula chake kwa amani.

Siku ya kuzaa ikafika. Ndama mchanga akaanguka kwenye majani makavu, mdogo, anatetemeka. Mama akashika chuchu amkamulie dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ambayo ndama asipoyapata hana kinga. Yakatoka matone mepesi, kisha hayakutoka tena. Yule mkubwa alikuwa ameyamaliza.

Kufika jioni, mdogo hakuinua kichwa. Mama alikuwa bado anamsugua kwa gunia. Mume akasimama mlangoni.

"Nilimwonea huruma ndama," akasema.

Mama hakumtazama. "Ndama yupi, baba watoto?"

Wapendwa, mwaka huu tumezika. Mnajua nami nimezika. Baadhi yenu mlilibeba jeneza. Sisemi tusilie. Mungu hakutuamuru tuwachukie tuliowapenda ili tuwasahau. Ametujengea uzio wenye nafasi. Tunayataja majina yao, tunaungoja ufufuo. Pua inapita.

Lakini sisi je? Si kila siku tunachomoa mrunda? Huzuni yetu inalia kwa sauti kubwa, nasi tunaifungulia inywe, ili inyamaze kidogo. Inakunywa nguvu zetu, maneno yetu, saa zetu zote. Haishibi. Na kule nyumbani yuko mtoto aliyefiwa na mtu yule yule tunayemlilia sisi. Yeye halii kwa sauti. Amekaa pembeni, hasumbui mtu, nasi tunaambiana, "Afadhali huyu, ameshasahau."

Hajasahau. Ana njaa.

Tukitoka hapa leo, tusipitie makaburini. Twende nyumbani, tuwashe moto, tupike, tumwite kwa jina lake.