Kombo Aliyeogopa Kuaga

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa wapi?
Ndani ya mtu!
Basi sogeeni, maana sisemi kwa haraka.

Hapo kale, katika ini la mama mmoja, Mola aliweka mji. Wenyeji wake ni wadogo mno, jicho haliwaoni. Waliosoma huwaita seli. Waliishi ukuta kwa ukuta, na kila ukuta ulikuwa na kitundu cha kusemezana. Asubuhi huulizana, "Jirani, upo?" "Nipo." Anayetaka kuzaa huuliza kwanza, "Pana nafasi?" Na aliyechoka, au aliyeumia asipone, hagombi. Hugonga ukuta, akasema, "Jirani, naomba ruhusa." Nao humjibu, "Nenda salama." Hujikunja, akalala, na vyombo vyake wakagawana walio hai. Ndiyo mila yao.

Mize na Kombo walikuwa pacha. Siku moja sumu ikapita katika mto wa damu, ikamuunguza Kombo ndani kwa ndani.

"Kaka, upo?"

"Nipo, dada. Ila siko sawa."

"Basi aga."

"Naogopa."

Mize akanyamaza. Enyi mliozika, mwajua kwa nini alinyamaza.

Kombo akaziba kitundu chake kwa udongo. Akazaa bila kuuliza. Wanawe wakaziba vitundu vyao, nao wakazaa.

Akaja askari mweupe kwa njia ya mto. Askari wa mji ule hawana macho. Hupapasa mlango, wakauliza jirani.

"Hodi! Humu mna nani?"

"Mtoto wa nyumbani!" Kombo akajibu, akamshika mkono kama rafiki wa siku nyingi.

"Mize, ni kweli?"

"Kweli, afande. Wa nyumbani."

Askari akaenda zake.

Akarudi mara ya pili. Ini limevimba. Mama mwenye mwili hali, halali.

"Hodi! Mbona hapa pamebanana?"

"Afande, kila siku hodi, hodi! Utadhani unaposa!" Kombo akacheka. Askari naye akacheka.

"Mize, ni kweli?"

"Kweli," akasema Mize.

Chakula kikawa hakifiki. Upande wa pili alikaa bibi mmoja, Bi Time. Mize akamwita, "Bi Time, upo?"

"Nipo, mwanangu, ila njaa..." Kesho yake akamwita tena. Kimya. Alikufa hata hakuaga.

Siku hiyo mama mwenye mwili akaomba dua kwa machozi, mji mzima ukatetemeka. Mize akasema moyoni, nimemficha mmoja, nawaua wote.

Askari akaja mara ya tatu. Hajapiga hodi, Mize akasema, "Afande, nilikudanganya. Kombo ni pacha wangu, nampenda, na ni mgonjwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ila ningojee kidogo."

Akakwangua udongo wa kitundu kwa kucha zake.

"Kaka, upo?" Kimya.

"Kaka, upo?" Kimya.

"Kaka, upo?"

"Nipo, dada. Umenisaliti?"

"Nimekuja tuagane. Nilipaswa kuja siku ile."

Kombo akalia. "Nitakwenda peke yangu?"

"Nimeushika ukuta. Shika na wewe."

Akaushika. "Dada, naomba ruhusa."

"Nenda salama, pacha wangu."

Kombo akajikunja, akalala. Wanawe hawakutaka kusikia; askari wakaitana mto mzima, wakapigana nao hadi mji ukatulia. Vyombo vya Kombo vikagawiwa. Mize akapata jiko, na hadi leo hupikia jiko la pacha wake.

Asubuhi mama mwenye mwili akaamka, akaomba uji. Akamshukuru Mola. Hakujua ni nani aliyeaga ndani yake ili yeye apate kunywa.

Hadithi yangu nayo inaomba ruhusa.
Iende salama!